Asilimia 90 Iliyobaki

Nilikuwa kidato cha nne hapa Griftu shule ilipotuletea mgeni wa kututia moyo kabla ya KCSE. Viatu vyake viling'aa, vumbi la Wajir lilikuwa halijavifikia bado. Akaandika ubaoni: 10%. Akasema hiyo ndiyo sehemu ya ubongo tunayotumia, iliyobaki imelala. "Mkiiamsha, nani atawazuia?" Tulipiga makofi hadi mbuzi waliokuwa kivulini wakakimbia. Usiku huo nilisoma mpaka taa ya sola ikazima.

Mwaka uliofuata nyanya yangu alipata kiharusi. Ayeeyo hakuwahi kuketi darasani, lakini alimjua kila ngamia wetu, mama yake, nyanya yake, na kisima walichonywa mwaka wa kiangazi gani. Alfajiri moja aliamka mkono wa kulia hauinuki na maneno yamepotea. Alitutazama, akatujua, ila majina yetu hayakutoka.

Daktari alisema damu imeziba mshipa mmoja upande wa kushoto wa ubongo. Nikamuuliza swali ambalo bado linanitia aibu: si kuna ile asilimia 90? Si ichukue kazi? Hakunicheka. Alisema hakuna sehemu ya ubongo inayokaa bure. Sehemu nyingine zinaweza kujifunza kusaidia, polepole, lakini nazo zina kazi zao tayari.

Baadaye nikasoma mwenyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Mfugaji ataelewa haraka: nani atawachotea maji ngamia kumi, mwaka nenda mwaka rudi, ili afaidike na mmoja? Picha za skani nazo zinaonyesha ubongo ukifanya kazi kote, hata mtu akiwa usingizini. Kumbe hadithi yenyewe ni ya kuokoteza. Mwaka 1907 Mmarekani William James aliandika kwamba watu hutumia sehemu ndogo ya uwezo wao. Alisema uwezo, hakutaja asilimia. Mwaka 1936, katika utangulizi wa kitabu maarufu cha Dale Carnegie, maneno yake yakageuzwa kuwa asilimia 10.

Sawa, ni uongo. Lakini si ulinifanya nisome? Uongo unaompa mtoto wa Griftu matumaini una ubaya gani?

Niliamini hauna ubaya, hadi uliponidai. Nilienda chuo Nairobi. Mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo iliyokuwa karo yangu ikafa mmoja baada ya mwingine. Nikaacha masomo. Na unajua nilijilaumu nani? Mimi. Niliamini ningekuwa mkali zaidi ningepata njia, maana si nina asilimia 90 ambayo sijaigusa? Hapo ndipo nilipoelewa bei yake. Ukimwambia mtu ana hazina isiyoisha kichwani, kila akikwama kosa ni lake. Hakuna tena haja ya kuuliza kuhusu ukame, barabara, au shule moja inayogawana walimu wachache.

Na si mara ya kwanza Kenya kuambiwa kuna ubongo usiotumika. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari enzi za mkoloni, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake. Alimlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Fikiria, bana: watu wamenyang'anywa ardhi na kufungiwa milango ya shule, halafu kasoro inatafutwa ndani ya fuvu lao.

Sisemi mgeni wetu alikuwa Carothers. Yeye alitupenda, au angalau alitaka tufaulu. Lakini wote wawili walitazama watu na kuona ubongo uliolala. Hakuna aliyemuuliza ayeeyo anajua nini. Kumtia mtu moyo ni vizuri, ila nadhani matumaini yanapaswa kuanza na ukweli kuhusu anachobeba tayari, na kuhusu kinachomzuia.

Ayeeyo amerudishiwa maneno kadhaa. Majina ya ngamia yalirudi kabla ya yetu, na hatukukasirika.

Juzi mdogo wangu, aliye kidato cha tatu, aliniuliza kama ni kweli tunatumia asilimia 10 tu. Nikamwambia hapana, unatumia wote, ndiyo maana jioni unachoka. Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona hesabu zinanishinda?" Nikamuuliza mwalimu wao wa hesabu ni nani. Akasema hawajapata mwalimu tangu muhula uanze.