Jua Halipatwi kwa Kufa Mtu

Kaa hapa barazani, mjukuu wangu. Sikukuita nikugombeze. Nguvu hizo sina tena, na mwenye msiba hagombezwi. Nimeona tu kwamba tangu tumzike mwanao, adhana ikisikika wewe huinama ukachokora ardhi kwa kijiti mpaka watu watoke msikitini. Na jana ukaniuliza: "Babu, nimemkosea nini Mungu?"

Swali hilo si geni nyumba hii. Mimi mwenyewe niliuliza, kabla baba yako hajazaliwa. Shangazi yako wa kwanza, ambaye hukumkuta, alifariki kwa homa ana miaka minne, katikati ya msimu wa karafuu. Siku ya tatu ya matanga mvua ikaja, nami karafuu zangu zote nimezianika uani. Wajua karafuu ikinyeshewa haina bei. Nilizitazama, sikunyanyuka. Nikasema moyoni: aliyechukua mtoto na achukue na karafuu.

Majirani wakatoka mbio, wake kwa waume, wakakunja majamvi, wakayaingiza ndani, wakarudi makwao wamerowa chapachapa. Hakuna aliyeniambia neno. Siku zote tatu nilikuwa nikiambiwa "subira huvuta heri", na kila nikiambiwa moyo unazidi kuwa mgumu. Jioni ile mama yangu akaniwekea kata ya maji ya udhu karibu na mguu, akaenda zake. Nikatawadha. Nikasujudu juu ya jamvi lilelile, linanuka karafuu na mvua, na dua sina hata moja. Nililia tu. Sala zangu za nyuma nilizisali nikiwa na kila kitu. Hii niliisali sina kitu, na ndiyo ninayoikumbuka.

Kwa nini alikufa? Mpaka leo sijui. Imani yangu haikurudi kwa kupata jibu.

Nililiona jambo hilo tena Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikija kwetu Pemba. Nilikwenda matanga mpaka miguu ikavimba. Waliosimama kutufafanulia hekima ya Mungu siwakumbuki. Nawakumbuka walioshika majembe makaburini, na walioteka maji.

Sasa hao wanaokunong'oneza kwamba umeadhibiwa, waache. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mashuhuri ni kwamba alijaliwa watoto saba, akawazika sita; Bibi Fatma peke yake ndiye aliyebaki nyuma yake. Alikuwa na kosa gani? Alipofariki mwanawe Ibrahim, angali mdogo wa kunyonya, alitokwa machozi mbele ya masahaba, wala hakuyaficha. Siku ile jua likapatwa, watu wa Madina wakasema limepatwa kwa msiba wake. Mwingine angenyamaza, akafarijika kwamba hata mbingu zinamlilia. Yeye akawasahihisha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Lishike hilo, mjukuu wangu. Homa iliyomchukua mwanao si hati ya mashtaka iliyoandikwa jina lako.

Wala usidhani mwenye kulalamika amekufuru. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka, na unabii wake haukupungua. Ila malalamiko yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu, hakuyapeleka kwingine. Hapo ndipo ninapokuhofia wewe. Ndugu akikukasirikia akaja kugombana nawe mlangoni, bado ni ndugu. Aliyekata mguu ndiye aliyekuhama. Una neno na Mungu? Nenda kamwambie mwenyewe, hata kwa sauti ya uchungu. Amekwisha kusikia makali kuliko hayo, mengine yangu mimi.

Sitakwambia utasahau. Ni miaka mingi, na kila msimu harufu ya karafuu mbichi hunirudishia mtoto yule. Uchungu haukuondoka, mimi ndiye niliyezoea kuubeba huku nasali.

Basi, maneno yamenichosha. Isha inakaribia, na ile njia ya msikitini ina mizizi, macho yangu hayaioni. Sikuombi uingie safuni. Nataka bega lako mpaka mlangoni tu. Ukitaka kuningojea nje, ningojee. Chukua hiyo kurunzi, tangulia kidogo.