Bei ya Ng'ombe Aliyekonda

Faida ya kunenepesha ng'ombe hupatikana siku ya kununua. Ukitembea Shinyanga au Simiyu kati ya Agosti na Oktoba utaelewa kwa nini. Malisho yamekauka, malambo yamebaki tope, na madume yanayopelekwa mnadani mbavu zinahesabika. Wakati huohuo pamba imeshavunwa, mbegu zake zimekamuliwa mafuta, na mashudu yamejaa viwandani. Mwenye mtaji ananunua dume lililokonda, analipa dawa ya minyoo na chanjo, analiingiza zizini na kulilisha mashudu, pumba za mahindi, molasi na chumvi kwa siku 90 hivi. Tuseme limeingia na kilo 200 na linaongeza gramu 800 kwa siku. Litatoka na kilo 272, karibu na Krismasi, mijini watu wanapotafuta nyama laini.

Sayansi nayo iko upande wa mnunuzi. Mnyama aliyekondeshwa na njaa, si na ugonjwa, akipata chakula kizuri huongeza uzito haraka kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kukosa. Mwili wake unadai kilichopotea. Kwa hiyo watu wawili wanasimama mbele ya dume moja na kuona vitu viwili. Mfugaji anaona hasara yake ya miezi mitatu. Mnunuzi anaona kiunzi kipana kinachosubiri kujazwa.

Swali langu ni hili: anayeona zaidi ana deni gani kwa anayeona kidogo?

Nauliza kwa sababu nimetakiwa kuchangia. Tuko watano darasani, wanafunzi wa uzamili wa uchumi wa kilimo, na wenzangu wanne wameandika andiko la biashara: madume 20 kwa awamu, awamu 2 kwa mwaka. Hesabu zao ni safi. Lakini mimi nimetoka upande wa pili wa hesabu hizo. Oktoba 2019 nilipochaguliwa kwenda chuo, mkopo niliopata haukufika kwenye ada yote, na baba akapeleka madume mawili mnadani. Dalali aliwazunguka, akawashika nundu, akawabonyeza mgongo, akataja shilingi 850,000 kwa wote wawili. Baba aliomba kidogo juu, akaongezewa 20,000. Mizani haikuwepo. Nilisoma kwa fedha ile, na hakuna aliyetudanganya: dalali hakusema neno lolote la uongo. Hakusema neno lolote kabisa kuhusu uzito, wala kuhusu bei ya Pugu, Dar es Salaam, ambako magari hupeleka ng'ombe wa aina ile.

Je, kunyamaza ni kosa? Swali hili ni la zamani kuliko mnada wowote tunaoujua. Mwaka 44 KK, Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, aliandika kitabu kuhusu wajibu, na humo akaleta mfano wa mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka wakati watu wana njaa. Anajua kuwa meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Awaambie, bei ishuke? Au anyamaze, auze ghali? Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babylon anasema kunyamaza si kuficha. Muuzaji hana wajibu wa kumwambia mnunuzi kila jambo ambalo lingemfaa. Antipater anajibu kuwa binadamu wameunganishwa na manufaa ya pamoja, na anayejua lazima aseme. Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater.

Wenzangu watapenda hoja ya Diogenes, na kwa sehemu nakubaliana nao. Mnenepeshaji anajua mambo ya aina mbili, na tukiyachanganya tutamwonea. La kwanza ni ujuzi wa kulisha: uwiano wa mashudu na pumba, namna ya kumzoesha ng'ombe chakula kipya polepole ili tumbo lisijae gesi, lini umchinje. Ujuzi huo ameusomea au ameulipia kwa ng'ombe waliomfia. Ni wake, kama mikono ya fundi ilivyo yake. Hana wajibu wa kuugawa bure langoni mwa mnada. Pia anabeba hatari: homa ya mapafu inaweza kuingia zizini, mashudu yanaweza kupanda bei katikati ya awamu.

La pili ni kujua mali ya mwenzake ilivyo leo: ina kilo ngapi, na kilo moja inauzwaje sokoni wiki hii. Hilo halikutokana na jasho la mnunuzi. Linahusu kitu ambacho bado ni cha mfugaji. Tunapomcheka mtu kwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tunamcheka mnunuzi. Kwenye mnada wa macho, muuzaji ndiye asiyejua kilichomo guniani, na gunia ni lake.

Tofauti hii haikuzaliwa darasani kwetu. Katika mafundisho ya Kiislamu kuna hadithi maarufu ambamo Mtume alikataza kuwapokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Muuzaji aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni na kujua bei, ana hiari ya kuvunja mauzo. Angalia jinsi katazo hilo lilivyo na kiasi. Halimlazimishi mnunuzi kutoa siri zake zote, wala halimzuii kupata faida. Linamtaka tu asifanye biashara kwenye giza la mwenzake; amwache afike mahali penye mwanga. Leo madalali wanapokwenda bomani alfajiri kabla ya mnada, au mnada wenyewe unapoendeshwa bila mizani, msafara bado unapokewa njiani.

Kuna pingamizi moja gumu. Hata baba angejua kilo na bei ya Pugu, bado Oktoba ile angeuza, kwa sababu chuo hakikusubiri mvua. Kiangazi kinauza kwa niaba ya mfugaji. Je, kununua wakati huo ni kufa kufaana?

Sidhani kila mara. Ukame ulipopiga Moyale, kusini mwa Ethiopia, mwaka 2006, serikali na shirika la Save the Children waliwaunganisha wafanyabiashara na wafugaji, wafanyabiashara wakakopeshwa, na ng'ombe wapatao 20,000 wakanunuliwa kabla hawajafa. Wafugaji walitumia fedha hizo kununua chakula na kulisha mifugo iliyobaki. Wanunuzi walifuata faida, na bado walifanya jambo jema. Ng'ombe aliyenunuliwa Oktoba ni ng'ombe ambaye hatafia malishoni Novemba. Kwa hiyo ubaya hauko katika kununua kwa mwenye shida. Unaanza pale shida yake inapogeuzwa kuwa sababu ya kutompimia.

Nimewapelekea wenzangu masharti matatu. Kwanza, tununue mizani, na dume lipimwe mbele ya mwenyewe kabla bei haijatajwa. Pili, bei ya kilo mnadani Pugu wiki ile isemwe wazi, pamoja na gharama za usafiri, ili muuzaji aone kwa nini hatuwezi kumlipa kiasi kilekile. Tatu, asiyetaka kuuza moja kwa moja aweze kutuachia dume kwa mapatano: alipwe thamani ya leo kwa sehemu, na baada ya siku 90 tugawane kilo zilizoongezeka. Wazee wetu waliweka ng'ombe kwa jirani na kugawana ndama. Hili si geni sana.

Mmoja wao, tunayemwita Mzee wa Hesabu, alipiga namba usiku ule akanitumia. Kwa masharti haya, alisema, faida ya awamu ya kwanza inashuka karibu nusu, na wanunuzi wengine wa mnada ule watatupita kwa sababu wao hawapimi. Namba zake ni sahihi. Nilizipitia mara mbili.

Lakini ameandika jambo kubwa bila kukusudia. Nusu inayobaki ndiyo malipo ya mashudu, chanjo, usiku wa kulala zizini na hatari tuliyobeba. Nusu inayotoweka mara tu mfugaji anapoona mizani ilikuwa ya nani tangu mwanzo? Nimemrudishia swali hilo. Mchango wangu uko tayari, na mizani nimeshaulizia bei.