Nguvu Tusizozitumia

Je, ni haki mtu kununua nguvu ambazo anajua hatazitumia? Siulizi kuhusu sheria. Sheria haimzuii mtu kununua anachokimudu, alimradi amelipa ushuru. Nauliza kama ni haki mbele ya dhamiri yake, mbele ya watu wa nyumbani mwake, na mbele ya wale wanaotembea kwa miguu kando ya barabara atakayopita. Swali hili linaweza kuonekana dogo, la watu wenye fedha za kuchezea. Mimi naona sivyo, na ninakuomba, ndugu msomaji, tulitazame pamoja kwa utulivu.

Aliyeniletea swali lenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya biashara ya mpunga na dengu hapa Misungwi. Ni kijana aliyejitahidi. Alianza kwa kubeba magunia mawili matatu kwa baiskeli. Leo ana ghala la kupanga na vijana wawili wanaomsaidia. Mwaka huu aliamua kununua gari, na gari alilolitamani tangu akiwa shule ya msingi ni Subaru Impreza. Alinionyesha picha mbili katika simu yake. "Mjomba," akasema, "yote mawili ni Impreza, na yote yametumika Japani. Hili ni la kawaida, hili ni STI. Nishauri."

Kwa wasiofahamu mambo haya, nieleze kwa ufupi. Impreza ilianza kuuzwa mwaka 1992. Ile ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, ilitoka katika madaraja kadhaa. Ya chini ina injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 100 na kidogo. Ya juu yake, WRX, ina injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi 250. Juu kabisa ipo STI, yenye 280. Na hata hiyo 280 haikuwa kikomo cha ufundi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004, watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya hizo, na magari ya soko la kwao yalifungwa yasizidi kilomita 180 kwa saa. Maana yake ni kwamba waliotengeneza nguvu hizo ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba zinahitaji mpaka.

Turbo yenyewe ni ufundi wa kupendeza. Moshi unaotoka kwenye injini, ambao katika gari la kawaida hupotea bure, hapa huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo huzungusha jingine linaloisukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, na penye hewa nyingi petroli nyingi huweza kuungua. Gurudumu hilo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kwa hiyo linataka oili safi, linataka petroli ya daraja la juu, na baada ya mwendo mkali linataka kupumzishwa kidogo kabla ya kuzima injini. Fundi mmoja alimwambia mpwa wangu kwamba turbo ni kama maksai wa kulimia: ukimlisha vizuri anavuta, ukimnyima anakulaza shambani.

Jibu la kwanza linalomjia mtu mzima yeyote ni jibu la haja. Unakwenda wapi na farasi 280? Kutoka Misungwi hadi Mwanza mjini ni kama kilomita 45. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, utatumia dakika 45. Ukienda kwa wastani wa 80, utatumia dakika 34. Umeokoa dakika 11, na hizo utazirudisha zote kwenye foleni ya Buhongwa au Mkuyuni. Tena njia nzima kuna vijiji na minada, na penye makazi sheria inataka 50, na askari wa usalama barabarani na tochi yake yuko chini ya mwembe. Kwa upande wa Sengerema na Geita, zamani tulikuwa na msawazishaji mkubwa zaidi, nacho ni kivuko. Pale Kigongo, mwenye STI na mwenye lori la mkaa walisimama foleni moja kuingoja MV Misungwi, na hakuna turbo iliyoweza kuisukuma meli. Tangu tarehe 19 Juni 2025 tuna daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, na foleni ile imekwisha. Lakini hata darajani, mwendo halali wa gari la kawaida unatosha kuvuka kwa dakika chache.

Nilimweleza mpwa wangu hesabu hizi zote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mjomba, na ng'ombe wa babu je?"

Aliniweza. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko maziwa tuliyoweza kunywa na mashamba tuliyoweza kulima. Wengine hawakukamuliwa, hawakuuzwa, wala hawakuchinjwa. Walikuwapo tu, na jioni walipoingia zizini mzee alisimama akawatazama. Hakuna aliyemwita mpumbavu. Vivyo hivyo, Wasukuma tangu karne ya 19 wana vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana kuvuta watu baada ya mavuno. Mtu aliyelima miezi yote hutumia nguvu na mali yake kujitayarisha kwa shindano ambalo halitamwongezea hata debe moja la mahindi. Tukipima kila kitu kwa haja, itabidi tufute ngoma, tufute kanga ya pili, tufute na ua linalopandwa mbele ya nyumba. Binadamu hakuumbwa aishi kwa kipimo cha ghala. Kwa hiyo jibu la haja, ingawa ni la kweli, halitoshi. Kutohitaji kitu si sababu ya kutosha ya kukiona kibaya.

Hapo mpwa wangu akaleta hoja ya fahari. Impreza, alisema, ndiyo iliyoshinda Safari Rally. Na ni kweli: mwaka 1997 ilishinda ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na miaka ya mwanzo yalipita katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni historia yetu pia, na sioni aibu kijana kuipenda.

Ila tuitazame historia hiyo yote. Kwa miaka mingi Safari ilikimbizwa katika barabara zilizo wazi, zenye mifugo na watu. Ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta juu ya gari, na aliyekuwa ndani yake alimwonya dereva kwa redio: mbele kuna ng'ombe, mbele kuna lori. Mwendo ule haukuwa wa gari peke yake. Ulikuwa wa gari, mafundi, matairi, na jicho la angani. Anayenunua STI huletewa gari, lakini haletewi helikopta.

Tena kuna habari ya mwaka 1993 ambayo wapenzi wa turbo hawaisimulii mara nyingi. Mwaka huo Subaru walileta Safari magari madogo aina ya Vivio, yenye injini isiyofika hata lita moja. Ilikuwa kama sentimita za ujazo 660 tu. McRae alipewa moja, na Mkenya Patrick Njiru akapewa jingine. McRae alikwenda kwa kasi iliyowashangaza watu, gari likaharibika, hakumaliza. Njiru alilijua gari lake na aliijua barabara. Akamaliza, akashinda katika daraja lake. Simdharau McRae, maana miaka minne baadaye alishinda mashindano yote. Nasema tu kwamba gari lilikuwa la aina moja na barabara ilikuwa moja, na kilichotofautiana hakikuwa ndani ya boneti.

Hoja ya tatu ya mpwa wangu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. "Mjomba," alisema, "STI ina breki kubwa zaidi, inashika barabara vizuri zaidi. Mtoto akikatiza ghafla, gari lipi litasimama mapema?" Hapa mzee anayetetea gari la kawaida kwa mazoea tu hunyamaza, kwa sababu kijana anasema kweli. Kwa mwendo uleule, gari lenye breki bora ni salama zaidi. Gari dogo si jema kwa sababu tu ni dogo.

Lakini neno lote liko katika hayo maneno mawili, "mwendo uleule". Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Munich huko Ujerumani, walifanya jaribio kwa teksi. Baadhi zilifungwa breki za ABS, ambazo wakati ule zilikuwa mpya, na nyingine hazikufungwa. Watu walitazamia zenye breki bora zipate ajali chache zaidi. Haikuwa hivyo. Madereva waliojua kwamba wana breki bora walikata kona kwa ukali zaidi na kufuata gari la mbele kwa karibu zaidi. Usalama walioongezewa waliutumia kama fedha, wakaununulia haraka. Nayo elimu ya mwendo inatufundisha kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Hakuna breki inayoongezwa ukubwa mara nne kwa sababu dereva amejisikia vizuri asubuhi ile.

Mtu anaweza kunijibu kwa njia ya kifalsafa. Anaweza kusema: kiasi ni fadhila ya mwenye uwezo. Mwenye injini ya lita 1.5 anayekwenda polepole hajajizuia chochote, kama vile mbwa asiye na meno hawezi kusifiwa kwamba hang'ati. Basi mpe mtu farasi 280, kisha aende 50 pale Usagara. Huyo ndiye mwenye kiasi. Aristotle alifundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda, jinsi mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Utajifunzaje kujizuia kama huna cha kuzuia?

Hoja hii nilikaa nayo siku nyingi, na bado naiheshimu. Ina kweli ndani yake kuhusu mamlaka, kuhusu fedha, na hata kuhusu ulimi. Lakini Aristotle huyohuyo alijua kwamba anayejifunza kujenga hujenga vibaya kwanza. Ukuta wa kwanza wa mwanafunzi huanguka. Sasa, mwanafunzi wa kiasi aliye kwenye usukani hujifunzia wapi? Hujifunzia katika barabara ileile ambayo saa saba mchana watoto wa shule wanaivuka, na mama anatoka mnadani na mbuzi wake kwa kamba. Hao hawakuombwa ruhusa ya kuwa ukuta wake wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa naitafuta kati ya ng'ombe wa baba yangu na turbo ya mpwa wangu. Ng'ombe wa ziada walikuwa fahari ambayo gharama yake aliilipa mwenyewe, kwa jasho la kuwachunga. Ngoma ya Bagika inamchosha Mgika. Ila nguvu za gari ni fahari ambayo siku mambo yakiharibika hulipwa kwanza na asiye na gari. Kwa hiyo swali la haki si "unazihitaji nguvu hizi?" wala si "unazimudu?" Swali ni: "Nani mwingine analipa, na je, amekubali?"

Nilimwuliza mpwa wangu swali hilo, nikamwambia alijibu kwa upande wa barabara na kwa upande wa nyumbani. Kwa upande wa barabara alisema, "Najiamini." Sikubishana naye, kujiamini ni jambo ambalo mtu mwingine hawezi kulipima. Kwa upande wa nyumbani alikaa kimya muda mrefu. Tofauti ya bei kati ya magari yale mawili ilikaribia bei ya lile la kawaida zima, na fedha hizo zingetoka katika mtaji wa dengu. Nusu ya mtaji huo ni ng'ombe watatu aliouza mama yake, dada yangu, msimu ambao benki zilimfungia kijana milango. Dada yangu hajui turbo ni kitu gani. Anajua tu kwamba mwanawe ana biashara.

"Sijamwuliza mama," akasema hatimaye.

Nikamwambia, "Kamwulize. Mweleze yote, bei ya hili na bei ya lile. Akikubali, mimi sina neno."

Alikwenda kwa mama yake Jumapili. Dada yangu alinisimulia baadaye kwamba aliziangalia zile picha mbili kwa makini, akauliza swali moja tu: katika magari hayo mawili, ni lipi linaloweza kubeba magunia. Kijana akasema kwamba hakuna, yote ni ya kutembelea. "Basi chukua la bei ndogo," akamwambia, "na la magunia utalinunua mwakani."

Gari sasa liko njiani kutoka Japani. Ni la lita 1.5, rangi ya buluu. Jana mpwa wangu alinikiri kwamba bado huitazama picha ya STI usiku kabla ya kulala. Nikamwambia aitazame tu, kwani picha haina gharama kwa mtu yeyote.