Biashara ya Kusubirisha Watu

Wazee walitufundisha kwamba subira huvuta heri, nasi tukalikariri neno hilo darasani mpaka tukachoka. Sidhani waliwahi kuwaza kwamba siku moja angetokea mtu wa kuipima subira kwa dakika, aibandike bei, kisha amuuzie mwenzake njia ya kuikwepa. Mtu huyo ametokea, na tunaye mfukoni.

Chukua gemu ya peremende, Candy Crush Saga, iliyoingia kwenye simu mwaka 2012. Unapewa roho tano. Ukishindwa hatua, roho moja inakwenda. Zikiisha zote mlango unafungwa, na roho inarudi moja kila baada ya nusu saa. Ukizitaka zote tano, kaa saa mbili na nusu. Au waombe marafiki. Au lipa. Mwaka huohuo Supercell wa Finland walitoa Clash of Clans, ambamo unajenga kijiji. Mwanzoni fundi anamaliza kazi kwa sekunde chache, raha tupu! Ukishanogewa, jengo moja linataka saa, baadaye siku, na huko mbele hata wiki. Pembeni pameandikwa idadi ya vito vinavyotosha kulimaliza papo hapo, na vito vinanunuliwa kwa hela ya kweli.

Swali langu si kama jambo hili linaudhi. Linaudhi, nenda kijiwe chochote chenye vijana na simu usikie matusi. Ninachouliza ni kama ni dhuluma, maana si kila kinachoudhi ni dhuluma. Jua la mchana linaudhi.

Mshikaji mmoja alinijibu hivi: "Kaka, kwani nani kakulazimisha? Umeshusha bure, unacheza bure, halafu unalalamika! Subiri kama wenzio, au weka simu mfukoni ukalale." Hoja hiyo ni nzito kuliko wanavyodhani wanaoibeza. Waliotengeneza gemu wana watoto, nao wanakula. Wengi wetu hatujawahi kuwapa hata senti. Aliyekaribishwa pilau ya bure ana haki gani ya kulalamika kwamba chumvi imezidi?

Hata hivyo, hebu tutazame kusubiri kwenyewe. Embe linachelewa kuiva kwa sababu ni embe. Katika foleni ya zahanati unasubiri kwa sababu daktari ni mmoja na wagonjwa ni arobaini. Inauma, lakini sababu ipo, na haikutungwa na yule daktari. Sasa hilo jengo la kwenye simu, lenye siku zake tatu, linasubiri nini? Hakuna saruji inayokauka pale. Hakuna fundi aliyekwenda kula mchana. Kuna namba tu, mtu kaiandika ofisini, na angetaka angeandika sifuri.

Tuseme kuna vijana wanaomwaga maji usiku kwenye njia ya udongo. Asubuhi wanasimama pembeni, tayari kusukuma gari lako litakaponasa, kwa malipo. Hawakukulazimisha kupita njia ile. Na kazi ya kusukuma wanaifanya kweli, jasho linawatoka. Lakini ukijua habari ya maji ya usiku, utawaita wasaidizi?

Hapo ndipo ninapoachana na mshikaji wangu. Kulipia mchezo hakuna ubaya wowote. Mwenye kibanda cha gemu mtaani anakutoza kwa mechi: toa hela, cheza, toka. Yeye anapata mshiko mchezo ukiwa mtamu, kwa hiyo atatafuta gemu tamu na vidude vya kuchezea visivyokwama. Anayeuza kuruka foleni aliyoitunga mwenyewe anapata mshiko pale mchezo unapokuwa mchungu kwa kipimo: usiwe mchungu sana ukaondoka, wala usiwe mtamu mno ukatulia. Huyo ni seremala anayekata mguu mmoja wa kiti makusudi, akugawie kiti bure, kisha akuuzie kijiti cha kuweka chini ya ule mguu. Akikipata kiti kizima, dili imekufa.

Kama unaona natia chumvi, angalia Dungeon Keeper. Gemu hiyo ilitoka mwaka 1997 kwa kompyuta, ikauzwa kwa bei moja, na kuchimba mahandaki ndiyo iliyokuwa raha yake. Mwaka 2014 kampuni ya EA ilileta Dungeon Keeper ya simu, bure. Safari hii kuvunja jiwe moja tu kuliweza kuchukua saa 4, na mawe magumu saa 24, isipokuwa ukilipa. Ile raha yenyewe ndiyo iliyofungiwa kabatini! Wachezaji walikasirika kupita kiasi, na mwaka huohuo mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo iliamua kwamba tangazo lililoiita gemu hiyo ya bure lilipotosha watu.

Ninyi mnaoandika mtaniuliza: na sisi je? Hadithi za magazetini nazo zilikatwa pale shujaa anaponing'inia dirishani, chini yake pakaandikwa "Itaendelea", na msomaji akatokwa na jasho wiki nzima. Hilo nimeliwaza sana, maana sitaki kumlaani jirani kwa kosa ambalo kalamu yangu inalifanya kila siku. Naona tofauti ipo katika kinachotokea ndani ya kusubiri. Wiki ile ilikuwa na kazi ndani yake: mwandishi anahangaika, mtambo unachapa, wasomaji wanabishana vijiweni nani muuaji. Na tajiri na maskini walisubiri toleo lilelile. Shahrazad wa Alfu Lela U Lela alimkatia mfalme hadithi kila alfajiri kwa sababu shingo yake ilikuwa hatarini, na usiku ulipoingia alitoa hadithi, ankara hakutoa. Mfalme mwenye hazina yote ile hakuweza kununua mwisho. Ilimbidi akae na hamu yake, usiku baada ya usiku, na katika kukaa huko akageuka mtu mwingine. Je, simu iliyofungwa nusu saa inamgeuza nani?

Turudi kwenye hili neno "bure", maana ndilo linaloninyima usingizi. Katika gemu za namna hii wachezaji wengi hawalipi kitu, na fedha nyingi zinatoka kwa wachache wanaolipa sana. Wenye biashara wana jina kwa hao wachache: nyangumi. Jina limetoka kwenye makasino, na sioni kama ni bahati tu. Basi ile saa ya kusubiri ni wavu, na mimi ni dagaa. Napita matunduni nikicheka, najisifu kwamba nina subira. Wavu umefumwa kwa ajili ya yule ambaye hawezi. Huenda ni tajiri asiyejua hata alichotumia, wapo wa hivyo. Huenda pia ni mtu aliyeachishwa kazi, au mpweke mwenye usiku mrefu, na kile kijiji cha kwenye simu ndicho kitu pekee kinachomtii. Wavu hauulizi nani ni nani. Unachopima ni kitu kimoja tu, jinsi mtu anavyoshindwa kungoja.

Ndiyo maana lile jibu la "subiri kama wenzio" halinitoshi tena. Mimi naweza, mshikaji naye anaweza. Lakini pilau yetu ya bure inapikwa kwa hela za asiyeweza, na hata kukaa kwetu mezani kuna kazi yake: kijiji changu dhaifu katika Clash of Clans ni mojawapo ya vile anavyovishambulia aliyenunua vito, aone utamu wa alichonunua.

Nipendekeze nini, basi? Kuuza kwa bei moja, wazi, mlangoni. Waliojaribu wapo. Mwaka 2014 kampuni ya ustwo ya London ilitoa Monument Valley, gemu fupi yenye kupendeza, isiyo na saa wala vito. Unalipa mara moja, basi. Novemba ya mwaka huo waliongeza sehemu mpya kubwa wakaiuza kwa karibu dola 2, na baadhi ya wachezaji wakawashushia nyota moja moja kwa hasira ya kutozwa. Dola 2, jamani, kwa kazi ya miezi! Watu hao hakuna aliyewamwagia maji njiani. Walitaka bure, na walijua wazi kwamba kuna mtu lazima alipe.

Nilipomsimulia mshikaji alicheka sana. "Sasa kaka, na hao nani kawalazimisha?"

Hilo bado sijamjibu.