Baridi ya Milimani Isiwadanganye

Wajukuu wangu wa Siongiroi, na nyinyi mlioondoka hapa kwenda kuchuma chai Kericho, Konoin na Sotik, nisikilizeni habari ya macho yenu. Najua mnavyosema: jua kali liko Turkana na Mombasa, huku kwetu ni ukungu na mvua. Mtu anavaa sweta hadi saa tano asubuhi, jua atalikumbuka saa ngapi? Hapo ndipo mnapodanganyika. Joto mnalolisikia kwenye ngozi ni jambo moja, na mionzi inayoharibu jicho ni jambo lingine kabisa. Mionzi hiyo, inayoitwa urujuanimno, haionekani wala haina joto la kumwonya mtu. Tuko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta. Tena kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ya kuichuja hupungua na mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Kericho iko juu ya mita 2,000. Mawingu mepesi nayo huipitisha kwa wingi. Kwa hiyo mchumaji anaweza kujikunyata kwa baridi huku macho yake yakipigwa.

Wengine mnajitetea kwa weusi wetu. Kweli, weusi unaikinga ngozi, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini weupe wa jicho hauna kinga hiyo, uwe Mkipsigis au Mzungu.

Mmewaona watu wazima wenye kinyama chekundu jichoni, kile kinachoanzia upande wa pua na kutambaa polepole kuelekea kwenye mboni. Kwa nini upande wa pua? Daktari mmoja wa Australia, Minas Coroneo, alilichunguza swali hilo. Mwanga unaoingia kutoka pembeni, upande wa sikio, hupindwa na kioo cha mbele ya jicho na kukusanyika kwa nguvu ukingoni mwa upande wa pili, yaani upande wa pua. Pale unapokusanyika ndipo kinyama huota. Kumbe jua linaloumiza si lile mnaloliona mbele yenu tu. Linawanyemelea kutoka ubavuni mkiwa mmeinamia majani chai, mikono ikienda mbio, bila kuwa na habari.

Na msiingoje saa sita mchana ndipo mkumbuke kofia. Watafiti wa Kanazawa kule Japani walipima mionzi kwenye macho ya sanamu ya kichwa, wakakuta kwamba jua likiwa utosini, paji la uso na nyusi hulikinga jicho. Likiwa mshazari, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na tena kati ya saa nane na saa kumi alasiri, linaingia moja kwa moja. Hizo ndizo saa za kuchuma, za kupeleka maziwa, na za watoto kwenda na kutoka shuleni.

Mtoto wa jicho mnamjua. Kioo cha ndani ya jicho kinafifia kuwa cheupe kama ute wa yai uliopikwa, na hakirudi kuwa safi kwa dawa yoyote ya kutia wala ya kunywa. Tiba yake ni upasuaji. Uzee ndio unaomleta zaidi, lakini jua la miaka mingi humharakisha, na madhara yake yanahesabiwa tangu utotoni, kwa sababu kioo cha jicho la mtoto kiko wazi na hupitisha mionzi mingi kuliko cha mtu mzima.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko hayo yote, nalo ni saratani ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho. Katika nchi za mbali ni ugonjwa wa wazee wanaume. Huku kwetu Afrika Mashariki unawashika watu ambao bado ni vijana, na wanawake wengi, kwa sababu jua kali limekutana na virusi vya UKIMWI vinavyodhoofisha kinga ya mwili. Mwanzoni hufanana na kile kinyama cha kawaida, ndiyo maana watu hukaa nacho hadi jicho linang'olewa. Mwaka 2016 Daktari Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali nne za hapa Kenya. Wagonjwa waliopasuliwa kisha wakapewa matone ya dawa ya fluorourasili, uvimbe uliwarudia takriban 11 kati ya 100 ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa matone yasiyo na dawa uliwarudia 36 kati ya 100. Tiba ipo, basi, kwa anayewahi. Ukiona kitu kinaota jichoni, nenda hospitali ya Tenwek au ya Longisa kikaangaliwe, na kama hujui hali yako ya virusi, pima siku hiyo hiyo bila aibu.

Nawasihi msinunue matone dukani kwa kubahatisha. Mengine yana dawa za steroidi. Wekundu unaondoka, unafurahi, unarudia chupa nyingine, kumbe presha inapanda ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuona. Aliyepofuka hivyo hafunguliwi tena.

Kinga yenyewe si ghali. Vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, maana kepu haizuii mwanga wa ubavuni. Miwani iwe inayokumbatia uso na yenye alama ya UV400. Ile myeusi ya sokoni isiyo na kinga inaweza kudhuru zaidi, kwa kuwa mboni hupanuka kwenye giza lake na kuifungulia mionzi mlango. Nyinyi wa bodaboda, teremsheni kioo cha helmeti. Vumbi la barabara zetu na upepo huzidisha kazi ya jua. Wa kuchomelea vyuma, mwanga wenu una mionzi hiyo hiyo, na miwani ya jua haitoshi: vaeni ngao ya uso. Walimu, ruhusuni kofia uwanjani, na mtoto mwenye ualbino asinyimwe kofia hata ndani ya darasa.

Na kuna tarehe ya kuweka akilini. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Giza kamili litapita kaskazini, Misri hadi ncha ya Somalia, na hapa Kenya tutaona likimegwa kiasi. Wazee wetu walimwomba Asis, Mungu wao aliyehusishwa na jua, wakielekea linakochomoza, lakini kuomba si kulikodolea macho. Jua lililomegwa linaunguza utando wa ndani nyuma ya jicho bila maumivu, kwa kuwa sehemu ile haina hisia ya kuuma; mtu hugundua saa kadhaa baadaye kwamba akitazama uso wa mwenzake, katikati pana doa. Kioo kilichotiwa moshi, filamu ya eksirei, miwani ya kawaida, yote hayo hayakingi. Inayofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2. Asiyeipata atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, na kulitazama umbo lake chini kwenye kivuli.