Upinde wa Mianzi Bado Una Kazi

Wapo wasemao upinde wa faibaglasi, ulio nafuu na usiojali joto wala unyevu, umeugeuza upinde wa mianzi wa Kijapani, yumi, kuwa pambo. Kwa anayeanza, wana haki. Lakini fundi wa pinde wa mji wa Miyakonojo, Japani, hagundishi mianzi na mbao apate ugumu tu. Huzifunga kamba, kisha hupigilia kabari nyingi, moja baada ya nyingine, hadi upinde unaozidi mita 2 upate mkunjo wake. Na bado umbo hubadilika, hivyo mpiga mishale hana budi kulikagua kabla hajavuta upote. Huo unaoitwa usumbufu ndio mafunzo yenyewe, maana shabaha ya sentimita 36, umbali wa mita 28, yataka mtu akijue chombo chake. Wanafunzi waanze na faibaglasi. Aliyekomaa apewe mianzi.