Je, Kipigo ni Siri ya Nyumba?



Wengi wetu tulifundwa kabla ya arusi kwamba ya nyumbani yasitoke nje. Ni fundisho jema. Mume anayetangaza udhaifu wa mkewe kwenye mangwe huku akinywa mnazi, au mke anayemwanika mumewe kisimani, huvunja kitu ambacho hakiungiki upesi. Lakini fundisho hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Mke akivunjwa mkono, akaenda hospitali na kumwambia nesi kwamba ameanguka, husemwa kuwa ameitunza ndoa yake. Je, kweli ameitunza? Hilo ndilo swali letu.

Kwanza tuitazame siri yenyewe. Katika nyumba za kupanga za Ukunda, wanakokaa wafanyakazi wengi wa hoteli za Diani, mara nyingi ukuta wa chumba haufiki juu kwenye bati. Mtoto wa jirani akikohoa, mnamsikia. Basi mume akimpiga mkewe saa nne za usiku, vyumba vyote husikia, na asubuhi watu husalimiana uani kana kwamba walilala salama. Hapo siri iko wapi? Kuna watu wengi waliokubaliana kunyamaza, na mmoja tu ndiye anayelipia kunyamaza huko.

Tena Kanisa halikuiona kamwe ndoa kuwa jambo la watu wawili peke yao. Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa yataka ndoa ifungwe mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Tuliahidi kupendana na kuheshimiana kwa sauti, jamaa na majirani wakisikia. Ni ajabu basi kwamba ahadi iliyohitaji mashahidi ili itolewe, twataka ivunjwe pasipo shahidi hata mmoja.

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka kwamba ukatili ni tatizo kubwa la afya ya jamii, yaani jambo la kuzuiwa kabla halijatokea, kama tunavyojitahidi kuzuia malaria. Wakristo wengine hawapendi kusikia hivyo. Husema: kumpiga mke ni dhambi, na dhambi huponywa kwa toba, mkiiita ugonjwa, mtamwondolea mkosaji lawama. Hoja hii ina uzito, wala sipendi ipuuzwe. Anayepiga ana hiari yake. Mbu hana.

Hata hivyo watu wa Kwale wanaijua njia ya afya ya jamii kuliko wanavyodhani. Katika miaka ya 1980 mradi wa pampu za mkono ulifika vijiji vya pwani hii ya kusini, na kamati za wanakijiji, akina mama wakiwa mstari wa mbele, zikafundishwa kuvitunza visima vyao. Pampu ya Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika, ilijaribiwa hapa hapa. Mtoto alipougua kuhara, swali lilikuwa: maji haya yanatoka wapi? Kujua chanzo hakukumzuia mama kumlaumu aliyechafua kisima. Lakini lawama peke yake haikumpa mtoto maji safi.

Na sisi tuulize hivyo hivyo. Ugomvi huja lini? Mara nyingi huja kati ya Aprili na Juni, mvua zinaponyesha, watalii wakapungua, baadhi ya hoteli zikafunga na mfanyakazi akarudishwa nyumbani bila mshahara. Huja baada ya mnazi. Huja pia kwa sababu wenyeji wa bara waliohamia huku wako mbali na wazee. Mke wa Kitaita au wa Kikamba aliyeko Ukunda hana shangazi wa kukimbilia, wala mumewe hana mjomba wa kumwita pembeni na kumkanya. Hakuna hata moja katika haya linalompa mume ruhusa ya kuinua mkono. Kinyume chake, anayejua kwamba akinywa hujisahau, kosa lake huanza pale anapoketi mangweni, kabla hajafika mlangoni.

Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Wahesabuni akina mama katika benchi lenu Jumapili. (Wako pia waume wanaopigwa, na aibu huwafunga midomo zaidi. Wanahitaji msaada ule ule.)

Lakini jambo hili linazuilika. Huko Kampala, mpango uitwao SASA!, jina lililotolewa katika lugha yetu hii, uliwaandaa majirani wa kawaida wazungumze mitaani juu ya uwezo walio nao mume na mke, na namna kila mmoja anavyoutumia. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014: mahali mpango ulipofika, ukatili wa kimwili wa waume kwa wake katika mwaka uliotangulia ulikuwa kama nusu ya ule wa mitaa mingine. Kama majirani wa Kampala waliweza, sioni kwa nini jumuiya ndogo ndogo zetu, zinazokutana kila juma, zishindwe.

Limebaki neno la msalaba. Mara nyingi mke huambiwa, “Vumilia, mwanangu, huo ndio msalaba wako.” Nasema bila kuzunguka: ushauri huo si wa Kanisa. Kanuni ya 1153 yamruhusu aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kutengana na mwenzake, na Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba zipo nyakati ambapo kutengana huwa wajibu wa kimaadili, ili kumlinda mnyonge na watoto. Kusamehe ni amri ya Bwana, lakini aliyesamehe hakuagizwa kurudi kulala penye panga. Mume aliyetubu kweli hatauona umbali huo kuwa adhabu, kwani yeye mwenyewe anataka mkewe awe salama.

Basi mficha maradhi, kifo humfichua. Jirani uliyesikia, bisha hodi, hata kwa kuomba chumvi. Huenda hodi hiyo ikatosha kuushusha mkono. Penye silaha usiingie peke yako, ita wenzako. Namba 1195 hupigwa bila malipo kutoka popote nchini. Mwambie daktari ukweli, naye atakujazia fomu ya P3. Na aliyenajisiwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Sheria ya mwaka 2015 humruhusu aliyedhulumiwa nyumbani kuomba mahakamani amri ya ulinzi.

Nanyi mnaoishi kwa amani, chagueni jioni moja tulivu, watoto wakiwa wamelala, mkubaliane ni nani ataitwa siku hasira ikizidi: msimamizi wenu wa ndoa, katekista, au jirani mnayemheshimu nyote wawili. Mwendeeni pamoja mkamwombe. Ni vizuri mume ndiye aanze kusema.